Mvivu, au hakuonyeshwa la kufanya?

Wazazi wengi wa Lubumbashi, hata walimu, humwona mwanafunzi wa gitaa asiyefanya mazoezi nyumbani kuwa mvivu. Mara nyingi si kweli. Ameambiwa tu “rudia wimbo”. Basi huanza mwanzo, hukwama palepale, huanza tena. Baada ya nusu saa vidole vimezoea kosa lilelile.

Mwalimu, mpe kazi ndogo: vipimo 2 tu (vipande viwili vifupi vya wimbo), tuseme kuhama kutoka akodi ya Do kwenda ya Sol, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 60 kwa dakika. Akivuka mara 5 mfululizo bila uzi hata mmoja kufifia, apande hadi 66. Dakika 10 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Aifanye kwanza mbele yako, dakika 5 za mwisho wa somo. Hapo ndipo utakiona kidole kinachogusa uzi wa jirani na kuunyamazisha.

Kagua gitaa lenyewe pia. Nyuzi zikikaa juu mno ya shingo, mtoto huumia, kisha huacha. (Hilo nalo huitwa uvivu!)

Na solfeji, yaani kusoma na kuimba noti? Ifuate wimbo wa korali anaoupenda, isiutangulie.