Acheni kutupa gari kwa sababu ya injini

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara nne. Mtu anaingia gereji, au anapiga simu usiku mi nakula, "fundi, gari ndo ishakufa, injini imekwisha, nishapata mtu wa skrepa anakuja Jumamosi". Wa nne alikuwa dada mmoja mwalimu, ana Toyota IST, pleti ya namba C. Oili iliisha, taa nyekundu ikawaka, yeye akaendelea kukanyaga mafuta kutoka Mbezi mpaka Ubungo, injini ikaanza kugonga hadi abiria wa daladala wakawa wanageuka kuangalia. Kapewa ofa ya milioni moja na laki mbili. Nikamwambia dada, kabla hujapokea hiyo hela niache nilale chini ya gari dakika tano. Akacheka, akasema injini iko juu fundi, we huko chini unatafuta nini?

Natafuta gari, dada. Gari iko huko chini.

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba injini ndo gari. Nadhani ni madalali, maana kila tangazo limeandikwa "injini haijaguswa", mtu akisikia hivo anatoa hela hata hajainama kuangalia sakafu. Sasa sikilizeni. Injini ni spea. Ni spea kubwa, nzito, ya bei, lakini ni spea, imeshikwa na maunti tatu nne, mabomba, nyaya na bolti za gia boksi. Ile ya IST ya cc 1500 inaitwa 1NZ, na hiyohiyo ndo imo kwenye Raum, Ractis, Sienta, Probox, na Premio na Allion za 1500. Ukienda Ilala Shaurimoyo zimepangwa chini kama viazi. Fundi anayejijua na kijana wake wanatoa ya zamani na kufunga nyingine siku moja, mbili ikichelewa.

Bodi ndo haina spea. Hizi gari ndogo hazina chesisi ya kujitegemea kama Hilux au Prado, sakafu na bodi na mihimili ya chini ya milango vyote vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, na kila kitu kingine kinaning'inia hapo. Kikioza hicho hakuna duka la kwenda. Na kutu kwetu inatoka sehemu mbili. Ya kwanza inakuja na meli, maana Japani kule kaskazini, Hokkaido na jirani zake, barabara zinamwagiwa chumvi msimu wa theluji, gari ikitembea huko miaka kumi inafika bandarini juu inang'aa kama kioo na chini imeliwa. Ya pili ni hii yetu wenyewe, upepo wa bahari. Gari inayolala Kigamboni au Unguja pembeni ya maji haifanani chini na ya Dodoma hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja.

Niliwahi kuletewa gari ya jamaa wa Kigamboni, huyu kinyume cha mwalimu. Alikuwa ametoka kufanya ovaholi ya nguvu mahali kwingine, ringi mpya za pistoni, bearingi mpya, valvu sili, kila kitu, injini inanguruma kama paka. Miezi minne mbele anapita tuta, shokapu ya nyuma ikatoboa bodi ikaingia buti. Pale inapokaa shokapu palikuwa hamna chuma, palikuwa na puti na rangi nyeusi ya kupaka chini, chuma kilishaondoka zamani. Hela yote ya ovaholi imekaa kwenye gari ambayo hata bure nisingempandisha mtoto wangu. Yule ndo alitakiwa kupigia watu wa skrepa, tena kabla ya ovaholi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na vijana wangu wamenichoka kwa hili: kabla ya kuongea habari ya injini, jeki, stendi, bisibisi, lala chini. Gonga gonga mihimili ya chini ya milango, sehemu zinapokaa shokapu za nyuma, krosmemba ya mbele (ule mhimili unaokatiza chini ya injini), fuatisha bomba za breki mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia ngwe ngwe. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi na bisibisi inazama. Kutu ya juu juu ya kahawia isikutishe, inakwanguliwa na kupakwa. Bisibisi ikipita upande wa pili hapo panapobeba uzito, acha, usiongeze hata plagi. Na ukikuta chini kote kumepakwa dawa nyeusi mpya mpya na gari iko sokoni, mi huwa nauliza wanaficha nini.

IST ya mwalimu chini ilikuwa safi. Nikamwambia usiuze.

Halafu hii "imekufa" yenyewe, nusu ya zinazoletwa kwangu hazijafa. Mtu kaona moshi kahukumu. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha tu, kisha unapotea, mara nyingi ni valvu sili, vimipira vidogo tu. Moshi wa bluu kila ukikanyaga mafuta, hizo ni ringi. Moshi mweupe mzito usioisha na maji yanapungua kwenye rejeta, hapo hedi gasketi, na hedi kama haijapasuka inapelekwa kwa watu wa mashine inanyooshwa uso inarudi kazini. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kila silinda peke yake, asipokuwa na kipimo tafuta fundi mwingine. 1NZ nzima inasoma psi 200 na kitu, ikianza kuchungulia chini ya 150, au silinda moja imeachana mbali na wenzake, tunaongea lugha nyingine. Weka kijiko cha oili kwenye silinda upime tena, kipimo kikipanda ni ringi, kisipopanda angalia valvu. Robo saa tu, na watu wanauza gari bila hiyo robo saa!

Sisemi kila injini ifufuliwe. Zile D4 za mwanzo, za petroli kupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, 3S za Nadia na Vista, mi sizirudishii D4 nyingine, naweka 3S ya kawaida na wengi hufanya hivo. 1ZZ za kabla ya 2005 zinakula oili kwa sababu ya ringi zilivyotengenezwa, hata 2AZ za 2400 za kwenye Alphard na Harrier zina huo ugonjwa, sasa ukitoa moja inayokula oili ukanunua used nyingine ya miaka hiyohiyo bila kupima umenunua mgonjwa mwenzake. Injini ya mtumba ipimwe kompresheni kabla haijafungwa, mpatane siku za majaribio kwenye risiti, na ikiwa bado iko nje badilisha sili ya nyuma, wota pampu na themostati.

Nikitaja themostati damu inachemka. Mafundi wanaing'oa wanatupa, "huku joto haina kazi". Inayo kazi! Bila hiyo injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani ni baridi inazidi kumwaga mafuta, petroli inaosha kuta za silinda, ringi zinakwisha, halafu unakuja kwangu kusema gari imezeeka. Haya tuendelee.

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini nenda TRA, watu wa mapato, wakarekebishe, na risiti ya ulikonunua itunze, maana injini za wizi zipo na siku trafiki akifungua boneti hutaki kuanza kukumbuka sura ya muuzaji.

Maneno mengine ninayoambiwa na watu, haraka haraka.

"Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, tupa." Bei ipi? Watu wanalinganisha na bei ya kuuza. Tuseme gari yako mtu anakupa milioni 4, injini na ufundi milioni 2 na nusu, unaona hasara. Sasa chukua hiyo 4 nenda sokoni unirudishie gari ambayo unajua ilimwagwa oili lini, bushi zilibadilishwa lini, nani kaigusa. Hutapata, utapata ya mtu aliyekimbia tatizo lake. Na ukiagiza Japani, ukijumlisha meli na ushuru, na juu yake ule wa uchakavu TRA wanaoweka gari ikishapita miaka 8, milioni 2 na nusu itaanza kuonekana ndogo. Linganisha matengenezo na bei ya kupata nyingine inayotembea vizuri.

"Nishaweka hela nyingi humu siwezi kuiacha." Hiyo ilishaliwa bosi, na sehemu nimeila mimi. Nakuuliza kuanzia leo inahitaji nini miezi 12 ijayo. Ikiwa ni gia boksi, na bodi, na nyaya zilizochezewa na mafundi wanne, vyote pamoja, iache hata kama jana umefunga tairi mpya. Tairi zitoe uuze.

"Namba A na B zimechoka, nataka D au E." Namba inaonyesha gari ilisajiliwa lini Tanzania, basi. IST ya 2003 inaweza kuwa D. Namba B iliyolala ndani kwa mzee wa Moshi inaipiku D iliyofanya kazi ya teksi ya mtandaoni Dar usiku na mchana.

"Kilomita 200,000, imekwisha." Kwanza hizo kilomita uliziamini vipi, watu wanazirudisha nyuma mchana kweupe. Kama ulipewa makaratasi ya Japani, ile eksipoti satifiketi ina kilomita zake, linganisha na dashibodi. Pili, 1NZ inayobadilishiwa oili kwa wakati inapita hapo haijashtuka.

"Mjapani kaitupa, kwa hiyo mbovu." Mjapani gari yake mpya inakaguliwa ikifika miaka 3, baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi na yale wanayolazimishwa kutengeneza ni hela, halafu ya petroli ikizidi miaka 13 kodi inapanda. Anaiuza inatembea, anakwepa bili.

"Skrepa hawalipi kitu." Hawalipi kwa sababu unawauzia nzima kwa kilo. Gari iliyooza bodi lakini injini nzima ni duka, ichinje. Injini, gia boksi, taa, milango, vioo, rimu, kompresa ya eisii, kila kimoja kina mtu wake. Masega ya ekzosi usimpe mtu bure, ndani mna platinamu na paladiamu, madini ya bei, wanunuzi wanajua ndo maana wanakuuliza hilo la kwanza huku wanajifanya wanaangalia matairi. Bodi tupu ndo wapewe wa chuma chakavu. Inachukua wiki kadhaa na uwanja wa kuweka, kama huna uwanja utauza kwa bei yao tu, hapo sina la kukusaidia.

Kitu kimoja wasahaulifu wote mnasahau, gari ikiondoka hivo usimwachie mtu kadi na pleti namba. Ng'oa pleti, nenda TRA waifute, la sivyo ipo siku hiyo namba itaonekana kwenye gari nyingine inatembea Tunduma, na jina kwenye kadi ni lako.

Mwalimu anachukua IST yake Alhamisi. Nimemfunga 1NZ iliyosoma 205 silinda zote nne, na stika kwenye usukani: TAA NYEKUNDU, ZIMA HAPOHAPO.