Lubumbashi–Kinshasa: muda wa ndege hausomwi kwenye tiketi

Jamani, ndege ya Lubumbashi–Kinshasa haitumii saa moja na robo kwenda na saa tatu na robo kurudi. Maneno haya yanarudi kila mara, na anayeyasema huonyesha tiketi: kuondoka Lubumbashi 10h00, kufika Kinshasa 11h15, kurudi 13h00, kufika 16h15. Hesabu ya kutoa anaijua. Shida ni kwamba anatoa saa za miji miwili isiyofuata saa moja. Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia. Lubumbashi, sawa na Goma na Bukavu, iko UTC+2. Geuza zote ziwe UTC kwanza: 08h00 hadi 10h15, kisha 12h00 hadi 14h15. Ni saa mbili na robo, kwenda na kurudi.

Anayesema tofauti hiyo inaletwa na kuzunguka kwa dunia nisimpotezee muda: hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege inaruka ndani ya hewa hiyo.

Lakini upepo! Hapo ndipo watu wanang'ang'ania, basi tupige hesabu. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi Ndjili, ule wa Kinshasa, kwa njia fupi kabisa ni kama km 1,550, yaani maili za baharini 840 hivi. Jeti ikienda noti 450 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), upepo wa noti 20 ukiipiga usoni, umbali huo unaisha kwa saa 1 na dakika 57; ukiisukuma kwa nyuma, saa 1 na dakika 47. Tofauti ni dakika kumi! Ili upepo peke yake ulete tofauti ya saa mbili, ungepaswa kuvuma kwa noti 195 hivi, km 360 kwa saa, njia nzima, kwenda na kurudi. Johannesburg iko mbali zaidi kidogo, kama km 1,620, lakini saa yake ni ya Lubumbashi, ndiyo maana hakuna anayelalamika.

Zile saa mbili na robo za tiketi ni muda wa bloku: tangu ndege inaposogea kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Ndani yake mna kutembea chini, kupanda, kushuka na kupanga mstari wa kutua. Ukiruka Luano kuelekea mashariki, lazima ugeuke ndipo ushike njia ya Kinshasa. Dakika kadhaa zimekwenda. Hizi dakika za pembeni tunazikadiria tu, hata sisi wa kazi hii. Foleni ya kutua ikiwa ndefu, makadirio yanavunjika. Na ndege ya mapanga (propela) kama ATR 72, kwa noti 270, inazidi saa tatu hewani.

Unampokea mtu Luano? Akikupigia kutoka Kinshasa kwamba wanaondoka 13h00, kwako ni 14h00. Ongeza saa mbili na robo za jeti, halafu muda wa mizigo. Kuja 15h15 ni kusimama juani bure.