Mafuta yapi kwa kazi ipi: pamba, alizeti, mawese na karai la samaki

Juni na Julai, baridi ya usiku ikishuka Mwanza, swali huwa moja tu: mafuta yameganda kwenye dumu, tumeuziwa feki? Hapana. Kuganda ni habari ya aina ya mafuta, si ya ubora wake. Mafuta mengi ya bei ya chini madukani ni sehemu laini ya mawese, ile inayobaki kiwanda kikishaitenga sehemu nzito, nayo huanza kuingia ukungu joto likikaribia nyuzi 20. Usiku wa kiangazi hapa hufika 18 au chini yake. Weka dumu mahali penye joto pasipo jua, mafuta yatarudi kuwa maji na hayatakuwa yamepungukiwa kitu. Angalizo kwa wauza rejareja: ukipima kwa kikombe dumu likiwa limeganda nusu, wateja wa kwanza wanaondoka na laini, wa mwisho wanabebeshwa zito. Yeyusha yote, koroga, ndipo upime.

Dumu la kutilia shaka ni lile lililoandikwa alizeti kisha likaganda. Alizeti safi haigandi mpaka joto lifike kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na baridi hiyo haijawahi kupiga hodi Mwanza. Kipimo chake hakihitaji maabara. Jaza glasi ndogo, funika, iache kwenye friji usiku mmoja, si kwenye sehemu ya barafu. Alizeti itabaki maji, pengine na utando mwembamba chini; hiyo ni nta ya maganda ya mbegu, ambayo mashine ndogo haiwezi kuitoa, na haina madhara. Pamba itakuwa nzito yenye ukungu, sehemu yake ikiganda. Mawese yataganda karibu glasi nzima. Alizeti iliyoongezwa mawese utaijua kwa kitu cheupe kama uji kilichotulia chini na mafuta angavu juu.

Na maneno "hayana lehemu" (kolesteroli) kwenye lebo yasikupandishie bei. Mafuta ya mimea yote hayana lehemu ya kutajika, ya bei ghali na ya bei rahisi sawasawa.

Pamba: nzuri ikisafishwa, hatari ikiwa ghafi

Usukumani mbegu iliyo karibu na mkono ni ya pamba. Nyuzi zikishatolewa jineri, mbegu huenda kukamuliwa. Yakisafishwa vizuri, mafuta haya ni miongoni mwa mafuta bora ya kukaangia samaki: hayana ladha ya kumfunika sato, na hufika karibu nyuzi 220 kabla ya kuanza kutoa moshi. Lakini yakiwa ghafi, nisingeyaonja hata kijiko.

Sababu ni gosipoli, sumu ambayo mmea wa pamba hujikinga nayo dhidi ya wadudu. Mafuta yanayotoka mashineni huwa mekundu yanayoelekea weusi kwa ajili yake. Huko China, katika vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya pamba katikati ya karne iliyopita, ilionekana wanaume hawazai. Miaka ya 1970 watafiti wa huko wakaijaribu gosipoli kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, wakaja kuachana nayo: potasiamu ilishuka mwilini, na baadhi ya waliotumia hawakurudi tena kuzaa.

Kiwandani gosipoli hutolewa kwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Mafuta ghafi hupashwa moto kiasi, humiminiwa maji ya kostiki, kisha gosipoli na asidi huru hunaswa kwenye sabuni nzito nyeusi inayozama. Mafuta huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa, hupitishwa kwenye udongo maalumu unaonyonya rangi, na mwisho hupulizwa mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, hewa ikiwa imenyonywa, ili harufu itoke. Kuchuja kwa kitambaa hakufanyi kazi hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo mtu akikuletea mafuta ya pamba "yametoka mashineni leo leo", mwachie mali yake. Mashudu yake ni chakula kizuri cha ng'ombe wakubwa, ila ndama na nguruwe waepushwe nayo. Kuku wa mayai vilevile: gosipoli hukigeuza kiini cha yai rangi ya kijani chafu, na hakuna mteja atakayekuelewa.

Alizeti ya mashine ndogo

Hii haina sumu ya kuondoa, ndiyo maana mtu anaweza kukamua Jumatatu na kupikia mwisho wa wiki. Tatizo lake ni utelezi na maji. Utelezi huo ni gundi ya asili ya mbegu: ndio unaofanya mafuta yatoe povu la kupanda hadi ukingo wa karai na kuacha weusi chini. Kuutoa ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Pasha lita 20 za mafuta hadi nyuzi 65 au 70, mimina nusu lita ya maji ya moto kidogo kidogo, koroga polepole nusu saa, kisha acha yatulie usiku kucha. Gundi hunywa maji, huvimba na kuzama. Asubuhi mimina ya juu, bakiza tope. Halafu yapashe tena, moto wa wastani, mpaka mlio wa kuchatachata uishe kabisa. Mlio huo ni maji, na maji yakibaki mafuta hayatamaliza miezi miwili kabla ya kunuka.

Hata baada ya hapo, alizeti ghafi huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 160 hivi au hata kabla. Inafaa mboga, wali, maharage, na kachumbari. Kwa karai la samaki la kutwa nzima, hapana.

Ukinunua jumla, angalia unauziwa kwa kilo au kwa lita. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 lililojaa lina kilo 18.4 za mafuta, bila dumu lenyewe. Ukilipia kilo 20, unapaswa kuondoka na karibu lita 22.

Mengine nitayapitia haraka. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini, ile inayogeuka vitamini A mwilini. Weka kwenye maharage au mchuzi wa dagaa kwa moto wa kawaida. Ukiyaunguza mpaka yawe meupe, kama wapishi wengi wanavyopenda, karotini imekwisha na umebaki na moshi. Samli huvumilia moto mkali kupita karibu mafuta yote ya duka, maana maziwa na maji yameshatolewa. Ukitengeneza mwenyewe, usiepue siagi mpaka povu litulie na machicha ya chini yawe ya kahawia, kisha chuja ikingali ya moto. Samli inayoota ukungu ilibakizwa maji. Mafuta ya nazi huku ni ya nywele na ngozi zaidi. Usiyaongezee kwenye karai lenye mafuta mengine, yatafanya povu. Nyonyo ni ya nywele tu, na mbegu zake zina sumu kali: zisipite kamwe kwenye mashine inayokamua chakula.

Karai la samaki

Hapa ndipo fedha inapopotea. Ukipita jioni Mwaloni Kirumba au kwenye vibanda vya Igogo, utaona mafuta meusi yanayofuka moshi kabla samaki hajaingia. Mafuta hayo hayakuchoka kwa uzee tu. Yaliharibiwa na vitu vitatu: maji ya samaki, hewa, na unga ulioungua.

Maji huvunja mafuta na kuacha asidi huru, na asidi hiyo hushusha joto la moshi. Mafuta mapya yaliyokuwa yakianza kufuka kwenye 220 yanaweza kufuka kwenye 180, yaani joto lenyewe la kukaangia. Ndiyo sababu samaki aliyeoshwa sasa hivi hapaswi kuingia karaini. Mchanje, mtie chumvi, mwache kwenye chekeche nusu saa atoe maji, mfute kwa kitambaa safi. Ukitumia unga, kung'uta uliozidi. Unaodondoka chini huungua na kutia uchungu kila samaki atakayefuata. Uopoe kwa chujio la waya kila baada ya mikupuo miwili au mitatu.

Joto la kazi ni nyuzi 170 hadi 180. Bila kipimajoto, tupia kipande cha mkate ukubwa wa kidole gumba: kikiwa cha dhahabu ndani ya dakika moja hivi, mafuta yako tayari, kikiungua ndani ya sekunde 30, punguza mkaa. Mwenye kipimajoto akikipima kwenye maji yanayochemka hapa Mwanza kikaonyesha 96, asikitupe. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kabla ya 100.

Kiasi kina maana kuliko aina ya mafuta. Kwa lita tatu, usizidishe nusu kilo ya samaki kwa mkupuo. Ukijaza karai, joto linaanguka hadi 140, ganda halifungi, samaki ananyonya mafuta, wewe unaongeza mafuta mapya na kudhani samaki wa leo "wanakula mafuta". Hawali. Mafuta yalipoa.

Kazi ikiisha, yachuje yakiwa vuguvugu kwa kitambaa kizito na uyaweke kwenye chombo chenye kifuniko. Usiyalaze kwenye karai la chuma, hasa lenye kutu: chuma huharakisha mafuta kuharibika, na uso mpana wa karai huyafungulia hewa usiku mzima. Kuongezea mapya juu ya ya jana kunakubalika mradi ya jana hayajaharibika. Kama yameharibika, unayaambukiza mapya.

Lini kumwaga? Rangi pekee hudanganya, maana sangara aliyepakwa manjano au pilipili hutia mafuta rangi siku ya kwanza. Tazama haya: moshi kabla ya kufika joto la kukaangia, povu dogo dogo lisilokufa ukimtoa samaki, utando wa kunata ukutani mwa karai, harufu ya rangi ya mlango. Mawili yakionekana pamoja, yameisha. Nchi zenye vipimo vya kisheria au mwongozo hupima vitu vilivyovunjika ndani ya mafuta: Ujerumani mwisho asilimia 24, Ufaransa 25. Karai linalonata na kufuka limefika au limepita huko.

Mafuta ya tumbo la sangara, yanayoyeyushwa na kukaangia mapanki (vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa), hayana ubaya yakitumika siku hiyo hiyo. Ni mafuta ya samaki, huharibika haraka kuliko yote niliyotaja, usiyaweke akiba.

Dagaa wa kukaanga wa pakiti wana hesabu yao. Ni wembamba, uso wao wote umepakwa mafuta, na wana mafuta yao wenyewe yanayoharibika upesi. Ukikaanga kwa alizeti, pakiti itanuka dukani mapema. Hapa nachagua sehemu laini ya mawese iliyosafishwa, yale yale wanayoyaita mabaya kwa sababu yanaganda: huchelewa kushikwa na hewa. Nunua dagaa waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani watakuachia kilo ya mchanga chini ya karai. Wachuje, wapoe kabisa, ndipo ufunge. Ukifunga wakiwa na moto, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko.

Kuhusu kuhifadhi, adui wa kwanza ni mwanga. Mafuta ya viwandani hapa nchini hutiwa vitamini A, nayo hufa juani, kwa hiyo chupa angavu iliyopangwa mbele ya duka imeshapoteza. Na dumu lililowahi kubeba oili ya injini au mafuta ya taa lisibebe mafuta ya kula hata lioshwe mara kumi, plastiki imeshanyonya.

Yaliyokwisha usiyamwage mtaroni, mtaro unaishia ziwani. Fanya sabuni. Chuja kilo moja ya mafuta machafu, ipime kwa mizani. Vaa glavu na miwani, kaa penye hewa, mimina gramu 130 za kostiki ndani ya mililita 330 za maji, kwenye ndoo ya plastiki ngumu. Kostiki ndiyo iingie majini. Ukigeuza, itakurukia usoni. Sufuria ya alumini isiguse kazi hii, kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Vikipoa vyote hadi nyuzi 40 hivi, mimina maji ya kostiki kwenye mafuta, koroga mpaka tone linalodondoka liache alama juu yake. Mimina kwenye kasha, kata baada ya siku moja au mbili, anika kivulini wiki nne. Sabuni ya alizeti tupu hubaki laini na kuisha upesi majini. Changanya na mawese angalau nusu ndipo mche usimame.