Kipimo cha uhamisho: mionzi inavyotoka malishoni hadi kwenye maziwa

Kipimo cha uhamisho ni namba inayoonyesha ni sehemu gani ya mionzi anayokula mnyama kwa siku itakutwa katika lita moja ya maziwa au kilo moja ya nyama yake. Mionzi huhesabiwa kwa bekereli. Bekereli 1 ni atomi 1 inayovunjika kila sekunde.

Tuseme, kwa mfano tu, malisho ya Liwale, mkoani Lindi, yana bekereli 50 za seziamu-137 (metali yenye mionzi itokanayo na nyuklia) kwa kilo ya majani makavu. Ng'ombe wa kienyeji anakula kama kilo 6 kwa siku, yaani bekereli 300. Kipimo chake cha maziwa ni 0.0046 hivi, kwa hiyo lita moja ina bekereli 1.4. Mbuzi anakula kilo 1 tu, lakini kipimo chake ni kama 0.11: lita yake ina bekereli 5.5. Hapo wengi hushangaa. Mbuzi ana mwili mdogo na maziwa machache, basi kile kidogo alichokula hakipati pa kutawanyikia.

Seziamu hufuata njia ya potasiamu, ikaenda kwenye misuli. Strontiamu, metali nyingine yenye mionzi, hufuata kalsiamu, ikakaa mifupani. Urani hupenya kidogo mno: kipimo chake kwa nyama ya ng'ombe ni kama 0.0004. Lindi imepakana na Ruvuma, kwenye urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, kwa hiyo swali la urani ndilo lililo karibu zaidi huku. Nalo halijibiwi kwa kupima majani peke yake. Kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe hung'oa vijishina na kumeza udongo, na udongo huo unaweza kubeba urani na radiamu (metali yenye mionzi inayozaliwa na urani) nyingi kuliko majani yenyewe. Pimeni udongo, maji ya lambo, figo na mifupa pia, si mnofu tu.

Sampuli ya majani hukatwa sentimita 5 hivi juu ya ardhi, bila kung'oa mizizi. Hukaushwa kwenye nyuzi 80 hadi uzito usishuke tena, husagwa, hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kama mnatafuta radiamu, chombo kikae wiki 3 hadi 4 kabla ya kupimwa, maana radiamu huzaa gesi ya radoni, na kinachopimwa ni vizalia vya gesi hiyo: inahitaji muda huo kujaa, na ikivuja matokeo yatakuwa ya chini. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuchanganya uzito mbichi na mkavu: majani mabichi yenye maji asilimia 80 yatatoa jibu dogo mara 5.

Seziamu ya kwenye nyama hupungua mnyama akihamishiwa malisho safi; kwa kondoo nusu huondoka ndani ya wiki chache. Uingereza, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986, kondoo wa milimani walipimwa wakiwa hai, na wenye zaidi ya bekereli 1,000 kwa kilo hawakuchinjwa kwa chakula. Masharti ya mwisho yaliondolewa 2012. Kilichokwisha kukaa mifupani hakitoki kwa kasi hiyo, hata mnyama ahamishwe mbali kiasi gani.