Je, wajua? Rimu yenye matundu 32 hushikaje upepo bila tyubu

Ukivua tairi na tyubu kwenye gurudumu la kawaida la baiskeli ya milimani, mara nyingi utakuta rimu imetobolewa matundu 32 ya spoki, na moja zaidi la valvu. Lakini wapo wanaotupa tyubu, wakajaza upepo humohumo na kushuka nayo kwenye mawe. Upepo hautoki kwa nini?

Matundu ya spoki si tatizo kubwa. Rimu husafishwa kwa spiriti, kisha huzungushiwa utepe maalumu wa plastiki unaofunika sakafu yake yote, ukingo hadi ukingo. Valvu yake ina kitako cha mpira kwa ndani na nati ya kukaza kwa nje.

Kazi iko kwenye kingo za tairi. Katikati ya rimu pana bonde, na tairi isipokuwa na upepo kingo zake hulala humo zimelegea. Ukipampu taratibu, upepo wote unavujia pembeni. Ndiyo maana fundi hung'oa kiini cha valvu ili njia iwe pana, hupaka kingo povu la sabuni, halafu huachia upepo wa kompresa kwa mkupuo mmoja. Kingo huteleza, hupanda kutoka bondeni na kukaa pembeni mwa rimu kwa mlio mkali: pa! Hapo upepo wenyewe ndio unaozikandamiza zisitoke. Usipitishe psi 40 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kusaka mlio huo. Tairi ya kawaida inaweza kuchomoka ghafla.

Mwaka 1999 kampuni za Mavic, Michelin na Hutchinson zilileta UST, mfumo wao wa magurudumu yasiyo na tyubu, wenye rimu ambayo sakafu yake ya ndani haikutobolewa kabisa. Mzuri, ila ulikulazimu kununua magurudumu mapya. Wasio na hela hizo walibuni ujanja ambao mimi naupenda kuliko utepe: tyubu ya baiskeli ya mtoto, inchi 20, huvutwa juu ya rimu ya inchi 26. Huchanwa kwa mkasi katikati kuzunguka mgongo wake wote, ikatandazwa, kisha tairi ikavalishwa juu yake. Inaziba matundu, inakuja na valvu yake, na unene wake unabana zile kingo. Mpira unaobaki nje hukatwa kwa wembe.

Bado patavuja kidogo, na miiba ipo. Hivyo humiminwa mililita 60 hadi 120 za maji ya kuziba pancha, ambayo mengi ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembechembe. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoroka huyasukuma hadi kwenye tundu, chembe zinakwama, utomvu unaganda. Hukauka baada ya miezi michache, na kwenye joto mapema zaidi, kwa hiyo lazima yaongezwe.

Faida kubwa kwangu si miiba. Tyubu yenye upepo mdogo hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoka matundu mawili pacha. Isipokuwepo, unaweza kushusha upepo hadi psi 25 hivi, na tairi ikashika njia vizuri. Ila tairi ikichanika kipande kirefu, maji hayo hayafui dafu. Beba tyubu moja kwenye mfuko, na rimu iliyopinda au yenye ufa usiifanyie haya kabisa.