Mukopi si lazima awe maskini

Hapa Uganda neno la Kiganda "mukopi" hutamkwa mara nyingi kumshusha mtu asiye na mali wala elimu, na hata sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumezoea kuamini kwamba hiyo ndiyo maana yake ya asili. Sivyo. Katika mpangilio wa ufalme wa Buganda, bakopi (wingi wa mukopi) ni watu wote wasiozaliwa katika nasaba ya kifalme, yaani wasio balangira (wana wa kiume wa nasaba hiyo) wala bambejja (wana wake wa kike), hata wawe na mashamba makubwa kiasi gani. Apolo Kaggwa wa ukoo wa Nsenene alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, kwa zaidi ya miaka thelathini hadi 1926, akapata ardhi kubwa kwa Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na bado kwa kuzaliwa alikuwa mukopi. Tena mama wa Kabaka (mfalme wa Buganda), aitwaye Namasole, kwa desturi hutoka kwa bakopi, na Kabaka hufuata ukoo wa mama yake. Jambo hilo pekee, kwa maoni yangu, lingetosha kumnyamazisha anayelitamka neno hili kwa dharau. Kuitwa hivyo kwa mkulima wa kawaida au mtu asiye na adabu ni matumizi yaliyopo kweli, ila yamechipuka kutoka katika maana ile ya nasaba.