Kengele ya Baiskeli Si Amri ya Kupisha

Malalamiko kuhusu kugongwa au kukoswakoswa katika njia za baiskeli yanaongezeka, na utetezi unaotufikia mara nyingi ni mmoja: "Nilipiga kengele." Ieleweke kwamba kengele ni taarifa tu, haimlazimishi aliye mbele kuruka pembeni, wala haimwondolei mwendeshaji wajibu wa kupunguza mwendo.

Alama husomwa kwanza. Katika nchi nyingi zinazofuata Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani, duara la buluu lenye baiskeli pekee huonyesha njia ya baiskeli, na likiwa na mtembea kwa miguu pia, mstari wa wima humaanisha kila mmoja ana upande wake. Hata hivyo, kumkuta mtu upande usio wake hakumpi yeyote ruhusa ya kumgonga, jambo ambalo tusingetarajia kulieleza kila wiki.

Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita takriban mita 5.5 kila sekunde, na mwendeshaji anayechelewa sekunde moja huwa amezimaliza mita hizo kabla breki haijashika. Kwa hiyo kengele ipigwe mapema, kisha mwendeshaji aangalie kama amesikika, yaani kichwa kimegeuka au hatua zimesogea kando. Mkimbiaji aliyeziba masikio kwa muziki hasikii, na anayeshtuliwa na kengele mgongoni mara nyingi hurukia upande uleule baiskeli inakotaka kupita. Hapo mwendeshaji ashike breki, afuate mwendo wa aliye mbele, na ampite pale tu panapobaki nafasi ya kutosha, walau mita moja.

Wakimbiaji nao wasijipange watatu sambamba, wala wasigeuze ghafla bila kutazama nyuma.

Mgongano ukitokea, mwendeshaji asimame, aite msaada, atoe jina na anwani yake, achukue mawasiliano ya mashahidi, kisha atoe taarifa polisi hata kama aliyeanguka amesema hajaumia, kwa kuwa dalili za jeraha la kichwa zinaweza kuchelewa kujitokeza. Katika nchi nyingi kuondoka eneo la tukio ni kosa linalojitegemea, ambalo adhabu yake huweza kuzidi ya mgongano wenyewe. Wapo wanaodhani kwamba stakabadhi ya faini hufunga shauri. Faini hulipwa kwa mamlaka; aliyeumia bado anaweza kudai fidia ya matibabu na kipato alichopoteza, na madai hayo hufuata utaratibu wake.